Kila Safari Rally ikiisha, Mombasa sote tunakuwa madereva

Naandika hii nikijua kuna watu maskani hawatanisalimia wiki nzima. Sawa tu. Nimenyamaza mwaka mzima, imetosha.

Safari Rally inarudi Naivasha mwezi huu, na kwa mwaka wa tatu mfululizo imeangukia ndani ya Ramadhani. Kwa hiyo mwajua itakavyokuwa huku Makadara. Mchana watu wamejilaza, midomo mikavu, simu zimejaa klipu za vumbi. Baada ya tarawehe baraza linajaa. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake, kashata zinapita, simu ya mtu mmoja imeegemezwa kwenye chupa ya maji na vichwa kumi na tano vimeinama kuitazama. Kisha ubishi unaanza, na hauishi mpaka daku.

Ubishi huo naupenda, nisikudanganye. Nimekulia ndani yake. Lakini kuna kitu hatukisemi, na mwaka jana kilitugharimu. Nitafika huko. Kwanza wacha niwapitishe kwenye ubishi wenyewe, kwa sababu jibu limo humo humo.

Kambi ya kwanza ni ya wazee, na kiongozi wao ni babu yangu mzaa mama. Babu alikuwa fundi wa magari. Mpaka leo kucha zake zina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Kwake yeye Safari ilikufa zamani. "Hini yenu ni maonyesho," ndivyo anavyosema. "Safari ilikuwa yaja mpaka hapa."

Na hapo hatudanganyi. Safari ilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Maelfu ya kilomita, siku kadhaa, mchana na usiku, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Yaani unakata kona kwa kasi, na mbele yako kuna ng'ombe, basi la abiria au mtu na baiskeli yake. Kuna miaka iliteremka mpaka Pwani na Mombasa ikawa kituo. Babu akiwa kijana alikuwa akisimama na wenzake kando ya barabara kuu usiku, wakisubiri taa. Gari likifika huwezi kujua rangi yake. Tope mpaka juu ya paa.

Shujaa wake ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi kama yeye. Joginder alishinda 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika, ndugu yake Jaswant akiwa kando yake. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Ile ya 1974 alimwacha nyuma Björn Waldegård, aliyekuwa kwenye Porsche. Babu akifika hapo huwa anasimama kabisa, kikombe mkononi: "Porsche! Na mwenzake ana Lancer ya kwendea sokoni!" Na ni kweli, pamoja na jina lake lote, Porsche haikushinda Safari ile ya zamani hata mara moja.

Kambi ya pili ni sisi. Kwetu Safari ilizaliwa 2021, iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Sisi twamjua Ogier, Rovanperä, Katsuta, Evans, Neuville, Tänak. Twaijua Kedong na Sleeping Warrior na Hell's Gate kama tunavyoijua Kibokoni na Ndia Kuu, na wengi wetu hatujawahi kupita Mtito Andei. Hoja yetu ni kwamba magari ya leo yana kasi ambayo Joginder hakuiota, na barabara zinafungwa, kwa hiyo huuawi na basi la abiria wala wewe huui mtu wa baiskeli. Watu wanashindana kwa sekunde, si kwa masaa.

Wazee hutumaliza kwa hesabu moja tu. Safari ya 2002 ilikuwa na kama kilomita elfu moja za mikondo ya mashindano. Hizi za siku hizi hazifiki 400. "Mia nne!" Babu hucheka mpaka akakohoa. "Mia nne watoka hapa hujafika hata Nairobi!"

Kambi ya tatu ina mtu mmoja. Yeye ni wa Le Mans. Hutwambia sote hatujui kitu, kwamba mashindano ya kweli ni yale ya Ufaransa yaliyoanza 1923, saa 24 bila kusimama, na mshindi ni gari lililokwenda mbali zaidi kabla saa hizo kwisha. Madereva watatu wanapokezana gari moja. Babu alimsikiliza kwa makini, kisha akamuuliza, "Na mwelekezi yuko wapi?" Jamaa akamwambia hakuna mwelekezi, ni kuzunguka njia ile ile. Babu akanywa kahawa yake. "Sasa watapoteaje?"

Baraza zima lilianguka kwa kicheko.

Haya, maoni yangu sasa. Kambi zote tatu zinabishania kitu kimoja na hazijui. Si Joginder, si Ogier, si watu wa Le Mans, hakuna hata mmoja wao anayeshinda kwa kukanyaga tu. Haya ni mashindano ya kufika. Sisi tunayaangalia kama mashindano ya kasi, kwa sababu kasi ndiyo inayoingia kwenye klipu ya sekunde kumi na tano. Subira haiingii.

Hebu angalieni wenyewe. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza Safari yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakawa saba tena. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki, kwa Peugeot 404, gari la familia. Huyo Joginder tunayemwimba, kitu cha ajabu kwake si zile mara tatu alizoshinda. Kitu cha ajabu ni kwamba aliingia Safari mara 22 na akamaliza 19. Kwenye mashindano ambayo mwaka mwingine wanamaliza watu saba!

Mtasema hizo ni za kale. Sawa, njoo 2021. Jumapili asubuhi Thierry Neuville anaongoza kwa karibu dakika moja nzima. Kwenye rali ya leo dakika moja ni kama umeshafika nyumbani umevua viatu. Mkondo wa kwanza wa siku ile, shoki ya nyuma ikavunjika. Basi. Ogier akachukua. Mwaka ule ule Kalle Rovanperä alikwama kwenye mchanga laini Ijumaa, gari limezama kama limeegeshwa ufukweni. Mwaka uliofuata akarudi akashinda, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia mdogo zaidi kwa umri, miaka 22. Hakurudi na mguu mzito zaidi.

Na kuna kitu kingine ambacho klipu hazikuonyeshi. Kabla ya mashindano, kila dereva hupita njia ile polepole, mwelekezi wake akiandika kila kona, kila jiwe, kila shimo. Ndiyo maana ile sauti unayoisikia ndani ya gari haiishi kusema. Dereva haendeshi kwa macho peke yake, anaendesha kwa kusomewa. Ndani ya gari kuna kizimba cha chuma. Wana helmeti na nguo zisizoshika moto. Madaktari wako njiani na helikopta iko juu. Mtu akikosea, kuna watu kadhaa ambao kazi yao siku hiyo ni kumtoa mle ndani akiwa hai.

Sisi tuna nini? Tuna gari la kuazima, mkanda umefungwa nyuma ya kiti ili lile gari lisipige kelele, na mtu mmoja ameshika simu.

Nawajua hawa kwa sababu mimi ndiye niliyeshika simu.

Jumapili ya tarehe 23 Machi mwaka jana, siku ya mwisho ya Safari, Elfyn Evans alishinda kwa zaidi ya dakika moja. Niliangalia nyumbani kwa ami, mimi na mwanawe. Tulikuwa kumi la mwisho, tumekesha, tumefunga, tuna usingizi na njaa na ile hamu ya kuwa wakubwa kuliko tulivyo. Alasiri ilipopita, mimi ndiye niliyesema. Wala si yeye. Nilisema, "Twende tupige kontenti."

Gari lilikuwa la ami, la teksi, la mkopo. Ami alikuwa amelala. Mwanawe alikuwa akilichukua kila mara kwa idhini, kununua barafu, kumpeleka nyanyake hospitali, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Tukatoka kisiwani tukaelekea barabara ya Dongo Kundu. Kichwani nilikuwa nishaandika maneno ya kuweka juu ya klipu: Safari Rally, toleo la Mombasa.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Mwenye kuishi huku anaijua saa hiyo ndani ya Ramadhani. Kila mwenye tuktuk, kila boda, kila matatu anataka kufika kwenye futari kabla ya adhana. Babu huiita "mkondo wa Magharibi" na hutukataza kuvuka barabara wakati huo. Sisi tukaona hiyo ndiyo inayofaa kwa taa, jua linazama, picha inatoka nzuri.

Lami haikutoa vumbi. Nikamwambia ashuke kwenye njia ya udongo. Akashuka. Nikaanza kujifanya mwelekezi, nasoma kona kutoka kichwani mwangu: kushoto tatu, kulia nne, nyooka. Sikuwa naijua njia ile. Sijawahi kupita pale maishani mwangu. Nilikuwa natunga, na yeye alikuwa anafuata.

Kwenye "kulia nne" kona haikuwa ile niliyoisema. Changarawe ikateleza chini ya magurudumu, gari likaenda upande, likaingia mtaroni, likapinduka mara moja. Kisha kimya, halafu adhana kutoka msikiti wa mbali. Mtoto wa ami alivunjika mfupa wa paja. Mkanda wake ulikuwa nyuma ya kiti. Wangu nilikuwa nimeufunga, kwa sababu nilihitaji kukaa imara nipige video.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba msinitetee. Usiku ule, nikiwa kwenye benchi la hospitali, mkono umefungwa bandeji, mama yake analia mlango wa pili, niliiweka ile klipu mtandaoni. Nilijiambia ni funzo kwa wengine. Si kweli. Nilijua itaangaliwa. Na iliangaliwa, kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza kabla yake na baada yake.

Niliiangalia mimi mwenyewe labda mara kumi kabla sijamwona yule mtu. Sekunde nne kabla ya kona, kwenye ukingo wa picha, kuna mwenye bodaboda aliyepakia mitungi ya maji, anapita upande wa pili. Sekunde nne. Sisi hatukumwona. Yeye hajui mpaka leo kwamba alikuwa ndani ya toleo letu la Safari Rally.

Ami aliionyeshwa ile klipu na mtu mwengine, msikitini. Akaja nyumbani kwetu, akaketi, akaniomba simu. Akaiangalia mpaka mwisho. Akaniuliza, "Hapa, 'kulia nne', ni wewe uliyesema?"

Nikamwambia, "Naam, ami."

Akanirudishia simu akaondoka. Mpaka leo hajaniongezea neno juu ya jambo hilo. Klipu niliitoa usiku huo huo, lakini mwajua kitu kikitoka mtandaoni hakitoki. Kuna wenye nakala.

Kwa hiyo maoni yangu, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote, ni haya. Tunapozungumza kuhusu vijana wanaokimbiza magari, Dongo Kundu au Nyali au barabara yoyote ile, lawama zote tunampa dereva. Polisi humsema dereva. Wazazi husema dereva. Sisi wenye simu tunakaa kando kama mashahidi. Uongo huo. Mwenye simu ndiye mwelekezi. Dereva wa miaka kumi na tisa hafiki ile kasi akiwa peke yake. Anaifikia kwa sababu kuna mtu kando yake anasema bado, ongeza, rudia, hiyo haikutoka vizuri. Na kuna wengine elfu kadhaa nyuma ya simu wanaosubiri kuona. Ukinitumia ujumbe kuniambia "hiyo kali bro, fanya nyengine", na wewe umekaa ndani ya gari lile. Kiti cha nyuma.

Mtu ataniambia tatizo ni kwamba Pwani hatuna mahali. Hoja hiyo naiheshimu, na nusu yake ni kweli. Ile Safari Classic ya magari ya zamani, iliyoanza 2003, imewahi kuanzia Mombasa na kumalizikia Mombasa, kwa hiyo hakuna anayeweza kutwambia barabara za udongo za rali hatuna. Ziko Kwale, Kilifi na Taita. Kenya ina autokrosi, uwanja wa udongo, gari moja moja, saa ndiyo mwamuzi, na hicho ni kitu ambacho kaunti na wafadhili wakitaka wanaweza kukileta huku mara kwa mara. Watoto wa Pwani wanastahili kuiona rali kwa macho yao, si kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa. Na njia ya kufika mbali ipo. Mwaka 2022 McRae Kimathi, Mkenya, alikwenda kushindana Sweden juu ya theluji. Hakufika kule kwa kupiga kelele barabarani. Alijifunza, akafundishwa, akapewa gari lenye kizimba.

Lakini nusu ya pili siikubali. Siku ile sisi hatukukosa uwanja. Kama kungekuwa na uwanja wazi nyuma ya nyumba yetu, bado ningetaka jua linalozama na magari mengine yanayopita, kwa sababu hatari ndiyo niliyokuwa naiuza. Uwanja unamsaidia anayependa rali. Mimi siku ile sikupenda rali, nilipenda kuangaliwa.

Na msiniambie nawaharibia Safari. Mimi nitaiangalia kila mkondo. Nataka tu tuiangalie vizuri. Mwaka huu, klipu ya ndani ya gari ikija, usitazame vumbi. Tazama mguu unapoachia. Sikiliza dereva anapomwambia mwelekezi arudie kona. Tazama mtu anayeongoza akipunguza mwendo kwa sababu amesikia sauti ngeni chini ya gari. Tazama wale wawili wakishuka na kubadilisha tairi kwenye jua la Naivasha, uso mweupe kwa vumbi, wanahesabu sekunde na hawagombani. Mtu aliyefunga toka alfajiri anapaswa kukielewa kitu hicho kuliko mtu mwengine yeyote. Hakuna anayefunga kwa kasi. Unafunga mpaka jua lizame, basi.

Mtoto wa ami anatembea sasa. Akichoka mguu unaburuta kidogo, na ngazi za nyumba zetu hizi za Mji wa Kale mwazijua zilivyo. Gari liliuzwa kama chuma. Ami anaendesha gari la mtu mwengine, anampelekea mwenyewe hesabu kila jioni, na mkopo wa lile la kwanza bado unaendelea. Kila mwezi natoa sehemu ya ninachopata kwa haya mambo yangu ya mtandaoni nampelekea. Anapokea, ananiandikia kwenye daftari, anasema "ahsante". Si pesa nyingi. Kwa mwendo huu itanichukua miaka.

Jumapili ya mwisho wa Safari nitakuwa barazani baada ya tarawehe, na mtoto wa ami amesema atakuja. Ami sijui. Mkinitumia ujumbe twende Dongo Kundu tukapige toleo la pili, jibu langu mumeshalisoma.

Na babu, nimekubali. Mia nne hatujafika hata Nairobi.